Ombi la Kuwazuia Majirani Wasiinue Pijo Langu

Buigiri,
14 Julai 1995

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,

Baada ya kukupa pole kwa vumbi la msimu huu, naomba kwa unyenyekevu uwapige marufuku majirani zangu kuligusa gari langu, Pijo 404, ambalo nimelitunza tangu wewe hujaoa. Kesho binti yetu Aneth anafunga ndoa, naye amekataa magari yote ya Dubai. "Baba, nitakwenda kanisani na Pijo, hata likisukumwa," alisema. Nilifurahi mno, nikatangaza kwamba springi ya nyuma nitaibadilisha mwenyewe. Yaliyonipata ni haya:

1. Jeki. Siku hizi za soko huria jeki zinauzwa mnadani kando ya nyanya, na mnunuzi haulizwi kama ana akili. Shaaban, muuza vipuri, aliniambia tu, "Mzee, iweke penye chuma kigumu." Mimi, ofisa ugavi mstaafu, nikaona sakafu ya gari ni chuma cha kutosha. Nikapiga jeki. Gari lilipanda kidogo tu, kisha iliyoendelea kupanda ni jeki. Ikatoboa sakafu na kuchungulia pale anapotarajiwa kukaa bibi harusi. Nilipojilaza chini ya gari kuikagua, ikalala ubavu, na gari likanishukia.

2. Sauti kusafiri mno hapa kijijini. Niliita "Edina!" kiume kabisa. Mke wangu anashikilia kuwa nililia. Vyovyote vile, kwaya ya jirani yetu Yotham iliyokuwa mazoezini ikaja mbio.

3. Msaada wenyewe. Walishika bampa! Nikawakemea: "Acheni bampa, mtapinda chesisi! Shikeni chini ya milango!"

Yotham akajibu, "Mzee, wewe toka kwanza huko chini."

Sikuweza. Shati langu lilikuwa limebanwa na gari, nami nikiwa ndani ya shati. Pumzi ilianza kuwa fupi. Bampa likang'oka, likabaki mikononi mwa waimbaji wa besi. Ndipo wakashika chini ya milango, wakaanzisha wimbo ili wanyanyue pamoja, gari likapanda taratibu. Wakanivuta kwa miguu, wakasukumia magogo chini ya chesisi. Edina alinikumbatia mbele ya kwaya nzima, akitetemeka. Nami nilitetemeka, ila kwa sababu za kiufundi.

4. Kwa hiyo naomba jeki zirudishwe kwenye mgao kama sukari ya zamani. Pia itungwe sheria ndogo: anayetaka kumwokoa mtu chini ya gari aombe kwanza kibali cha mwenye gari, hata kama mwenye gari ndiye aliye chini.

Wasalimie mama watoto, wazee wa kanisa na wote wenye migongo mizima.

Wako katika kulijenga taifa,
Bartolomayo Nikodemo

Nyongeza: Springi ameifunga Shaaban. Gari bado liko juu ya magogo, na ibada ni saa nne asubuhi. Tafadhali usiwasomee majirani barua hii kabla hawajaja kulishusha. Yotham aje na kwaya yote. Mwambie nimeapa mbele ya Edina kwamba nitasimama mbali na sitatoa maelekezo yoyote.