Mzabibu wa Kiprugut na Kibuyu cha Mamaye

Tegeni masikio, enyi watu wa Subukia, nanyi wa Dundori mnaodhani ushujaa huishia kwenye viazi! Acheni kukamua, ng'ombe watangoja, niwasimulie jinsi Kiprugut mwana wa Kosgei, Simba wa Ua wa Nyuma, alivyouokoa mzabibu mmoja usikatwe.

Mzabibu huo ulitambaa ukutani nyuma ya jiko, nao ulikuwa wa aina ya Sira, zabibu nyeusi ya divai. Miaka na miaka ukoo wake ulijigamba kuwa umetoka Shirazi, kule Uajemi, kama zinavyojigamba koo nyingine tunazozijua. Hata wataalamu walipoipima damu yake, wakakuta ni mzaliwa wa Ufaransa, tena wazazi wake ni zabibu mbili za mashambani ambazo hakuna aliyezisikia. Lakini tabia yake, jamani! Ngozi nene, weusi wa sufuria ya kuni, pilipili manga kooni, na ukali wa kukausha ulimi. Jirani yao Naliaka alionja punje moja akatema hadi barabarani.

Celestine, mke wa shujaa, hakujali ukoo. Alikwisha kununua mche wa avokado wa kupanda mahali pake, nao ulisubiri mlangoni.

"Baba Jepleting," akamwambia mumewe, "siku utakayofungua hiyo divai yako, asipopatikana mtu wa kuomba kikombe cha pili, mimi nashika panga."

Kiprugut akaumia sana, maana aliupenda ule mzabibu kuliko alivyothubutu kusema. Akavuna, akaziponda zabibu kwa nyayo zake tukufu, zilizosuguliwa kwa sabuni mbele ya mashahidi. Na kwa kuwa elimu yake yote ya kuchachua ilikuwa ya mursik, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni, akachoma kijiti cha mti wa senetwet, akasugua mkaa wake ndani ya kibuyu kikubwa cha maziwa, akamimina, akafunika, akangoja majuma kadhaa.

Ole wake! Kibuyu kilikuwa cha mamaye, Cheptanui, Malkia wa Maziwa Lala, naye alikuja kukidai siku ile ile ya kufungua.

"Ati pombe kwa kibuyu cha maziwa? Wewe mtoto, uko na akili kweli?"

"Ewe mama uliyenizaa," shujaa akalia, "onja kwanza, upate kunilaani kwa ushahidi!"

Akaonja, ili alaani vizuri. Celestine akalishika panga. Kikongwe akalamba midomo, akatazama ndani ya kikombe.

"Iko na moshi," akasema. "Ongeza."

"Lakini mama, na kibuyu?" Celestine akamaka.

"Hicho hakirudi kwa maziwa tena. Sasa ukikata huo mti, kitafanya kazi gani?"

Basi na iandikwe, vizazi visome: avokado ilipandwa kando ya choo, na mzabibu ukabaki ukutani. Kiprugut, Mshindi wa Kikombe cha Pili, alilia mbele ya watu wala hakuona haya. Celestine naye alikuwa ameweka panga chini, akikiinamisha kibuyu kwa mikono miwili, kwa sababu mama mkwe alikuwa amenyoosha kikombe mara ya tatu.