Kaburi Nyuma ya Jiko

Jumatano, mwezi 8 Mfunguo Mosi, mwaka wa vita vya maji

Askari wa Mdachi wamefika Kibiti. Watu wa milimani walikunywa maji ya dawa, wakaambiwa risasi hazitawadhuru. Ziliwadhuru. Sasa askari wanachoma maghala yetu sisi wa bondeni, na wasichochoma wanakula.

Mwalimu Shaban wa chuo kaagiza kila nyumba ipeleke mpunga kidogo msikitini, wakimbizi wapikiwe uji. Nimemwambia sina hata wa kumtupia kuku. Ninayo makanda saba ya ukili, yamejaa. Ni ya wajukuu zangu. Wako Mafia na mama yao, wanakula samaki, lakini watarudi.

Nimewaza mchana kutwa, naandika haya kwenye daftari la marehemu mume wangu aliyekuwa akikata boriti Nyamisati. Ghala litachomwa. Darini watapanda. Shambani wakimbizi watafukua. Mahali pasipofukuliwa na mtu mwenye akili zake ni pamoja tu, kaburini.

Alhamisi, mwezi 9

Nimezika. Makanda sita ndani ya mkeka, nimeufunga kichwani na miguuni kama mtu. La saba liko uvunguni. Nimechimba mwenyewe kabla ya alfajiri, nyuma ya jiko, kule chini ambako udongo ni laini. Vijana wa siku hizi wangechimba wiki nzima na kuomba tumbaku.

Kisha nikapiga yowe. Nikatangaza kwamba mgeni wangu alifika jana na ndui, kafa, nimemzika upesi asiambukize watu. Wakauliza mgeni gani. Hilo sikuwa nimelipanga. Nikasema Biasha, mdogo wangu wa Maparoni. Hajakanyaga hapa miaka ishirini, tangu alipochukua kitanda cha mama. Kwangu mie alikwisha kufa siku ile.

Wanaume hawakusogea. Mwalimu Shaban alisimama kule kwenye migomba, akawaswalisha kwa mbali. Aliposema tumwombee marehemu, kitu kikanichoma kifuani. Nimekunywa maji ya tangawizi. Ni hii mihogo mibichi.

Jumamosi, mwezi 11

Ndui humfukuza kila mtu isipokuwa aliyekwisha kuiugua. Nilimsahau Mwantumu. Jirani yangu huyu uso wake una matundu kama pwani ya kaa. Kaja na jamvi lake, kasema shoga haachwi peke yake na msiba, kakaa pembeni ya kaburi. Najua mimi kwamba majirani humletea mfiwa chakula. Yeye kaleta mdomo.

Kanywa uji wangu mara tatu. Kauliza mbona kaburi fupi. Nikamwambia Biasha alikuwa mfupi. Kauliza mbona uji ni wa mchele, na msikitini nilisema sina. Nikamwambia huo ndio wa mwisho. Sasa kila siku itanibidi nipike wa mwisho.

Jumapili, mwezi 12

Biasha kaja.

Kavushwa kwa mtumbwi wa watu, kisha katembea. Ghala lake limechomwa. Mumewe Huseni kauawa mlangoni kwake. Amebaki mifupa na kaniki. Kasimama mbele ya jiko, kasema, "Dada Tatu, ni mimi Biasha. Sijala siku ya nne leo."

Mwantumu yuko pale pale juu ya jamvi. Kanitazama, kalitazama kaburi. "Bi Tatu," kasema, "marehemu wako ana njaa."

Ningesema kweli, makanda sita yangeliwa na kijiji kizima kabla ya magharibi. Nikasema simjui. Nikasema mdogo wangu nimemzika kwa mikono yangu hii. Biasha naye akalitazama kaburi, muda mrefu. Ananijua tangu tunalala mkeka mmoja. Alielewa kilichomo. Angeweza kusema mbele ya Mwantumu, na hakusema. Alisema tu, "Basi kama nimeshakufa, dada, nipe wali wa matanga yangu nile niende."

Nilitaka kumwambia aketi. Mdomo ulikwisha kufunguka. Kilichotoka ni yowe kwamba huyu ana ndui, afukuzwe. Wanaume wakaja mbio, wakamsukuma kwa boriti ndefu mpaka mikokoni.

Kifua kimeniuma hadi isha. Tangawizi imekwisha.

Jumatatu, mwezi 13

Nimepika uji mzito, kibuyu kizima, nimpelekee. Mtu asiniambie sina huruma. Ikanyesha mvua. Nikangoja. Ilipokatika, Mwantumu kaniuliza naenda wapi na kibuyu. Nikasema kuchota maji. Kasema twende wote.

Ilinibidi niunywe uji wote nyuma ya mnazi ili kibuyu kipate kuingia maji. Kesho nitatoka mapema.

Jumanne, mwezi 14

Sikwenda. Magoti.

Jumatano, mwezi 15

Bamvua. Maji yamepanda mpaka mashinani mwa migomba. Yamemleta Biasha hadi njiani, Mwantumu ndiye aliyemkuta. Hana kipele hata kimoja, mwili wake safi. Mwantumu kamwosha, kamvika sanda kwa nguo yake mwenyewe ya Idi.

Mwalimu Shaban kasema wanaume hawana nguvu ya kuchimba kaburi jipya. Kasema kwa dharura wawili wanaweza kulala pamoja, lile la nyuma ya jiko lifunguliwe na waliokwisha kuugua ndui. Nikakataa. Nikalia. Nikajilaza juu yake. Wakasema ni uchungu wa ndugu, wakaninyanyua taratibu.

Harufu ilitoka kwanza, si ya maiti. Kisha wakafungua mkeka. Maji yalikuwa yamepanda kutoka chini siku zote hizo. Mpunga umekuwa mweusi, umeoza, na juu yake umeota majani membamba kama kitalu. Mwanamke mmoja wa wakimbizi, ana mtoto mgongoni, kapiga magoti, kaanza kuchambua punje moja moja. Nikamwambia una chumvi huo. Akaendelea.

Mwantumu kaniuliza jambo moja, kwa sauti ya kawaida kabisa. Yule tuliyemsukuma kwa boriti alikuwa nani?

Nikajibu, Biasha.

Wamemlaza humo.

Ijumaa, mwezi 17

Salamu sipati. Mwantumu kakunja jamvi lake, kapita mlangoni kwangu kama anapita kwenye shimo. Uji wangu kanywa siku tano, lakini shukrani hana.

Nimekaa nikayatafuta makosa yangu, maana mie si mtu wa kukataa makosa. Kosa ni moja. Udongo laini. Mtu aliyezaliwa bondeni, na umri huu, anafukia mpunga mahali maji yanapopanda. Nimejisuta sana. Kifua hakiumi tena.

Askari wanasemekana wako Ruaruke. Kanda la saba bado liko uvunguni, na wajukuu watarudi. Leo nimelizunguka kaburi la Biasha. Wanaume wamelijaza udongo mkavu wa kichuguu, wakaliinua juu sana, kazi nzuri. Mara ya pili halifunguliwi na mtu.

Upande wa kichwani pana nafasi.