Habari za Isihaka Fundi Bati na Kidole Gumba Kilichotiwa Kifungoni

Ketini, enyi mliofika na nyinyi mlio bado njiani. Tueni majembe, zimeni redio, na mwenye kukohoa akohoe sasa apate kumaliza. Zimesimuliwa falme zilizoanguka na majeshi yaliyozama mtoni, na wasimulizi wake wamelishwa wakashiba. Lakini ni nani aliyelisimulia tendo lililotendeka Kasulu mwaka wa sabini na mbili, kati ya Jumatano na Jumamosi, pale mtu mmoja alipopunguza inchi moja? Hakuna. Basi kalamu na iamke, ukweli uiongoze, na chumvi itiwe kwa kiasi.

Mtu huyo ni Isihaka bin Abbasi, fundi bati wa soko la Kasulu, Baba wa Ndoo, Mlezi wa Koroboi, Adui wa Kutu, ambaye katika miaka thelathini ya kufua na kulehemu hakupata kurudishiwa chombo. Hilo ndilo lililokuwa taji lake. Wengine walikuwa na ng'ombe, wengine walikuwa na vyeo. Isihaka alikuwa na miaka yake thelathini, na kila asubuhi alipofungua kibanda aliihesabu upya kimoyomoyo, kama mfalme anayekagua walinzi wake kabla hajanywa uji.

Lakini kila shujaa ana mahali pake pa kudungwa, na pa Isihaka palikuwa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Alikulia katika duka la nguo la baba yake, na huko alifundishwa kupima kama wapimavyo watu wenye heshima zao: unalaza kijiti cha yadi juu ya kitambaa, unaweka kidole gumba pale kijiti kinapokoma, kisha unakata ng'ambo ya kidole. Unene ule wa kidole ndio nyongeza, na nyongeza ndiyo adabu ya soko zima. Muuza maharage huko hujaza kopo mpaka likafanya kilele, kisha akatupia konzi moja juu. Mwenye kukata palepale kipimo kinapoishia huhesabiwa kuwa mchoyo, na watu wakienda msibani kwake hawakai. Isihaka alipoliacha duka akashika bati, kidole kilihama naye. Wala hakikumletea aibu, kwa kuwa hajatokea mtu wa kulalamika kwamba ndoo yake inaingiza maji mengi mno.

Hapo ndipo anapoingia Mwalimu Reverien wa Makere, mwenye kufundisha hesabu asubuhi na kuunda ndege alasiri. Naam, ndege. Alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, na mama huyo, Bibi Ntirampeba, sasa alikuwa akilima Mabamba, upande wa Kibondo, mwendo wa siku mbili za lori na matope. Mwana aliapa kwamba siku moja atamfikia kwa saa moja tu, amshushie chumvi na sukari mlangoni. Kwa miaka minne, ndani ya banda la zamani la kukaushia tumbaku, aliunganisha mbao kwa kufuata michoro ya gazeti kuukuu, na mbawa akazivika kitambaa cha marekani. Sasa alihitaji tangi la petroli. Bati lililofaa lilikuwa moja tu, bapa, lisilo na migongo, lililotoka Kigoma juu ya lori. Jingine halikuwapo wala halikutarajiwa. Naye mkaguzi wa vyombo vya angani, aliyepita mwezi uliotangulia, alikuwa ametamka hukumu: atarudi Jumamosi, akikuta tangi limekaa mahali pake bila kuvuja, kazi itaendelea, asipokuta hivyo, banda litafungwa na zile mbao zitakwenda kuwa madawati.

Mwalimu akampelekea Isihaka bati hilo, rula yake, na vipimo vilivyokuwa wazi: urefu inchi ishirini na mbili, upana kumi na mbili, kimo tisa. Isihaka alivisoma, akavirudia kwa sauti, akakata.

Jumatano saa nne asubuhi, soko likiwa limefurika, Mwalimu Reverien aliingia Kasulu akisukuma baiskeli, na nyuma ya baiskeli, limefungwa kwa mpira, likimetameta bila haya, lilikuwa tangi. Wa kwanza kuliona alikuwa Pelagia, muuza maharage wa kibanda cha jirani, mwanamke ambaye ulimi wake ulikuwa ukiwahi kila mahali kabla ya miguu.

"Fundi weee! Binti yako karudi kwao! Mume kamkataa!"

Soko likacheka kutoka kwenye dagaa hadi kwenye chumvi. Isihaka akainuka polepole, nyundo ya mti mkononi, uso umejaa miaka thelathini.

"Mwalimu," akanena, "sema mbele ya watu. Linavuja?"

"Oya, hapana, fundi. Halivuji."

"Limepinda?"

"Limenyooka kabisa."

"Basi lina kosa gani?"

"Haliingii. Mahali pake, kati ya mbavu mbili za ndege, ni inchi ishirini na mbili. Hili lina ishirini na tatu. Upana umezidi inchi, kimo kimezidi inchi. Ulipima kwa kitu gani, ndugu yangu?"

"Kwa rula yako mwenyewe! Kisha nikakuwekea nyongeza, kama nilivyowawekea wote waliokutangulia. Ulitaka nikukatie kichoyo? Mtu mzima, mwalimu wa watoto wetu, unakwenda kumwona mzazi, nami nikupe inchi kavu?"

"Fundi, ndege haina adabu. Ukiizidishia, inakataa yote."

"Si muipanue ndege!" akapaza Pelagia. "Na yenyewe ipate nyongeza!"

Lakini kuipanua ndege kulikuwa ni kuvunja mbavu za miaka minne, na hata Pelagia, alipouona uso wa Mwalimu, alirudi kwenye maharage yake. Isihaka akalipokea tangi kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea maiti ya nyumbani kwake, akaingia nalo kibandani.

Akawasha makaa, akayeyusha lehemu, akalifungua tangi likawa vipande sita, akavilaza mkekani. Akakishika cha kwanza. Akalaza rula, akahesabu ishirini na mbili, akachora mstari. Na tazama, mstari uliangukia ukingoni kabisa, wala hapakuwa na cha kukata! Akapima tena; bati halikuwa na hatia. Akapima mara ya tatu, na tayari moyoni alikuwa akitunga hotuba ya kumwaibisha Mwalimu pamoja na mbavu zake, ndipo mkewe, Mwamvua, akafika na chakula, akasimama, akatazama.

"Baba Siti, kitoe hicho kidole."

"Kidole gani?"

"Hicho kilicholala mwisho wa rula kama paka."

Isihaka akatazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akakiona. Akakiamuru kiondoke, kikaondoka. Akainamia mstari, kikarudi. Akakifukuza mara saba, kikarudi mara saba.

"Mwamvua," akasema, na sauti ikampungua, "nikimpa mtu kipimo kitupu, nitamtazama vipi machoni?"

"Nyongeza yake mpe mkononi. Hata Pelagia konzi ya juu hamshonei mtu kwenye gunia." Akachana pindo la khanga kuukuu, akakikunja kile kidole kiganjani, akakifunga mafundo matatu. "Hutoki hapo mpaka Jumamosi," akakiambia.

Oh, Alhamisi ile! Oh, Ijumaa! Kama simba aliyejeruhiwa unyayo, awindaye kwa miguu mitatu na bado nyati wanamtambua, ndivyo Isihaka alivyopigana kwa vidole tisa. Mkasi ukanguruma, na kila kipande kikapoteza inchi ya urefu wake na inchi ya upana wake, na vile vibanzi kumi na viwili vya nyongeza vikaanguka mkekani vikijikunja. Kila kilipoanguka kimoja, Isihaka alifumba macho. Kisha akakunja, akalehemu, akalijaza maji, akaliweka juu ya majivu makavu ili tone likidondoka lijiandike. Pelagia mwenyewe akaja akachuchumaa, akalinda majivu mchana kutwa bila kusema neno, jambo ambalo sokoni lilisimuliwa kama muujiza. Majivu yakabaki makavu.

Jumamosi Isihaka alilipeleka tangi Makere kwa baiskeli, kidole bado kimefungwa, na kifuani amekumbatia kifurushi cha gazeti. Mkaguzi alikwisha kufika, amesimama bandani na kalamu yake. Wakalishusha tangi, Isihaka upande huu, Reverien upande ule. Likagusa ubavu wa kulia. Likagusa ubavu wa kushoto. Likasema "tup", likatulia. Mkaguzi akajaribu kupenyeza ukucha. Ukucha ukakataliwa.

"Limekaa," akasema, akaandika. Kisha akaitazama ndege kutoka mwanzo hadi mwisho. "Ndugu Mwalimu, injini iko wapi?"

"Iko njiani, ndugu mkaguzi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Mkaguzi akaangalia alichokwisha kuandika. "Mimi nilisema tangi," akanena. "Kazi iendelee."

Reverien akaketi chini, juu ya maranda, akajifunika uso. Ndipo Isihaka akafungua kifurushi. Vile vibanzi kumi na viwili alikuwa ameviunganisha kwa lehemu, ubavu kwa ubavu, kama ukili wa mkeka, vikawa faneli ya kumiminia petroli, yenye mdomo mpana na shingo nyembamba.

"Nyongeza yako, Mwalimu."

Reverien akaipokea kwa mikono miwili. Kisha akamshika fundi mkono wa kushoto, na kwa meno, kwa kuwa mafundo ya Mwamvua hayakufunguka kwa vidole, akakitoa kidole gumba kifungoni.

Jumatatu Isihaka alifungua kibanda, akaanza kuhesabu upya: siku tano bila kurudishiwa chombo. Akaja mtu wa ndoo, na kidole kikalala mahali pake pa zamani, na ndoo ikatoka kubwa, na mtu akashukuru. Lakini iandikwe, na wajukuu wasomewe, kwamba huko Makere, ndani ya banda la tumbaku, katika tumbo la ndege isiyo na injini, kwa mara ya kwanza tangu soko la Kasulu lianze kupima, kilikuwapo kitu ambacho urefu wake ulikuwa urefu wake tu.