Mwenyekiti wa Kamati ya Mto

Jumatano, 6 Machi
Nimeusafisha mto wa nyuma ya kanisa. Peke yangu! Haya, sijausafisha. Nimeutazama, tena nikiwa nimekaa. Lakini si mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazingira? Na kazi ya mwenyekiti si kiti? Mwalimu wa kwaya alikitaka cheo hiki. Amenuna mpaka midomo inagusa kinanda.

Dada yangu, mjane, anakaa bondeni mto unapopinda. Mvua za mwaka jana taka ziliziba daraja, maji yakamwingilia ndani. Leo kaniuliza kama kamati itafanya lolote kabla mvua hazijaanza. Nikamwambia atulie, kaka yupo. Akasema hata mwaka jana kaka alikuwepo.

Jumapili, 10 Machi
Mchungaji kahubiri vizuri. Dunia ni ya Mungu, sisi watunzaji tu, na anayeharibu shamba la mwenyewe ataulizwa. Watu wakaitikia amina, wengine kwa machozi. Nikatangaza kwamba tukitoka twende mtoni. Tumefika mimi na mbuzi wa jirani.
Amina haizoi taka!

Jumamosi, 16 Machi
Nimepata dawa yao. Aibu! Asiyesikia la mhubiri atasikia harufu. Nimezoa taka za mtoni kwa toroli, nimezimwaga mlangoni mwa kanisa. Kesho kila mtu aione dhambi yake. Mgongo unaniua, roho inacheka.

Jumapili, 17 Machi
Siku mbaya. Watu wameziba pua. Nami kifua mbele, nikauliza uchafu huu ni wa nani. Mwalimu wa kwaya akalichokoa rundo kwa fimbo. Vikatoka vitambaa vya zambarau, vipande kwa vipande. Akaitazama kwaya yake, imevaa zambarau ile ile. Kisha akaniuliza, kwa heshima zote, mzee wangu, hivi fundi aliyeshona majoho haya ni nani vile?
Sasa mabaki ya nguo fundi ayapeleke wapi? Ayale? Mto uko hapo hapo nyuma ya cherehani!
Kanisa zima limecheka. Dada hakucheka.

Jumanne, 19 Machi
Mvua imenyesha mpaka alfajiri. Taka zilizobaki mtoni zimeziba daraja. Maji yameingia kwa dada mpaka usawa wa kitanda. Yu hai, Mungu ashukuriwe. Chakula chake chote kimelowa. Mwalimu wa kwaya kajitosa majini mpaka kiunoni, kang'oa taka kwa mikono. Wanakwaya wakamfuata, wala hakuna aliyewatangazia. Mimi nilielekeza kutoka ukingoni, kwa sababu ya goti.
Dada aliokota vitambaa vyangu kwenye matope ya chumba chake, akavisuuza, akavianika kimoja kimoja kwenye kamba. Heri angenitukana.

Jumapili, 24 Machi
Nimetubu mbele ya kanisa. Nimeapa kitambaa changu hakitaugusa tena mto ule. Watu wamelia. Hata mwalimu wa kwaya kanikumbatia.
Nimerudi nyumbani mwepesi kama unyoya. Ila majoho ya watoto nayo nimeyaanza, na gunia la mabaki limeshajaa. Shimo la taka liko mbali. Nikakumbuka ule mto mwingine, wa nyuma ya soko. Huo sikuuapia. Na kule hakai ndugu yangu hata mmoja.
Nimemwandikia mwalimu wa kwaya kikaratasi: Mwalimu, suruali yako niliipunguza bure, na wewe una baiskeli. Nipelekee gunia hili moja tu. Usilifungue.