Bahasha ya Benki ya Vyeti

Jumamosi, 11 Oktoba 2025
Dada yangu Aida amefika kutoka Unguja na pweza mkavu, halua, na bahasha yangu ya chuo. Bahasha hii ndiyo maisha yangu. Inakwenda benki ya vyeti. Hawaweki pesa hao, wanahifadhi vyeti vya wanasaikolojia vilivyothibitishwa, ukihama nchi huanzi tena kuhangaika. Wenyewe wanavituma unakoombea leseni. Nikipata leseni, kwaheri kibarua cha hapa ughaibuni, ghala la Nechells na maboksi yake. Sharti moja tu: muhuri wa chuo ufike mzima. Sitaigusa. Mimi mtu mzima.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimeifungua.

Kosa la Gaston. Jirani yetu Mkongo, mwanasaikolojia mwenzangu, vyeti vyake vimeshalala benki tangu mwaka jana. Alikuja kumsalimia Aida. Kwetu mzigo wa nyumbani hufunguliwa mbele ya wageni, kila mtu aone na aonje. Ikafunguliwa halua, akatolewa pweza. Gaston akauliza, kwa upole tu, kama chuoni nilipata alama nzuri. Mkono ukatangulia akili. Alama ni nzuri kweli, nilizisoma kwa sauti. Hakuna aliyepiga makofi. Gaston akasema, "Mon frère, ndugu yangu, ile enveloppe haikukuwa ya weye kufungula." Mke wangu Mwanasiti akaenda jikoni na hakurudi.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimeifunga upya. Uji wa ngano, pasi ya uvuguvugu. Muhuri umekaa upande kidogo, lakini nani atatazama? Nimeipeleka posta. Mwanasiti ananisemesha kwa kupitia Aida.

Ijumaa, 17 Oktoba
Wametazama. Nilam, anayeshughulikia faili langu huko benki, kanipigia nikiwa ghalani. Sauti laini, hiyo ndiyo mbaya. Akauliza nani kafungua. Nikasema forodha. Akasema vizuri, atawaandikia forodha. Nikasema basi labda si forodha, labda dada yangu.

Dada yangu, aliyeikumbatia bahasha hiyo safari nzima. Nimerudi nyumbani Lozells nimemkuta ananichomea maandazi. Nimekula manne. Sikumwambia.

Jumatatu, 20 Oktoba
Nilam kampigia Aida mwenyewe. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Aida akanitazama, kisha akamjibu kwa Kiingereza chake cha shule kwamba ndiyo, ni yeye, alidhani ni barua ya kawaida. Akakata simu, akaendelea kukunja nguo. Kaniambia tu kwamba baba yetu alimwachia wosia anitazame.

Nimejifungia chooni nikalia. Nimesomea miaka yote hiyo nafsi za watu, na yangu ndiyo hii. Nikampigia Nilam, nikamweleza yote, hata uji wa ngano.

Jumatano, 22 Oktoba
Nilam kajibu. Ukweli umeniokoa, ila faili linabaki na alama ya onyo, na huruma ni mara hii moja tu. Chuo kitatuma nakala mpya moja kwa moja kwao. Mimi nikae kimya, na hadi nipate leseni nisijiite mwanasaikolojia popote. Mwanasiti kanisemesha mwenyewe. Aida kacheka. Gaston kanishika mkono kwa mikono miwili.

Nimejifunza. Mtu lazima ajue kushukuru. Jioni nimechapisha kadi mia za jina langu, wino wa dhahabu: Dokta Vuai, Mwanasaikolojia. Ya kwanza nimemtumia Nilam.