Mguu Sawa, Mguu Pande: Uzinduzi wa Kituo cha Wagonjwa, Awindiri

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye, kwa kuwa yule wa kwanza amepata udhuru na yule wa pili hakupokea simu, ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Uratibu wa Mazoezi na Mapumziko, ambaye pia ni mimi. Viongozi wa dini mliofika, na wale ambao hamkufika lakini mmetuazima viti. Wazee wa Awindiri. Wafanyabiashara wa Adumi mlioacha mihogo yenu sokoni. Ndugu zetu kutoka ng'ambo, Kongo. Wageni wetu wa Koboko, ambako kitovu changu kimezikwa. Mabibi na mabwana, na ninyi wagonjwa wetu wapendwa mnaotibiwa saratani, ambao ndio walengwa, ndio wadau, na ndio mliosimama pale juani kwa mujibu wa itifaki: mimi, Alhaji Yasiri, nawasalimu nyote kwa jina la maendeleo. (Makofi. Mgonjwa mmoja anauliza kama anaweza kukaa.)

Bado, mama, bado. Kwa wale msiomfahamu, huyu aliyeuliza ni mama Santina, mkulima wa Lurujo kule Koboko, ambaye jana aliwekewa dripu ya dawa ya saratani hapa mjini na kesho anapanda gari kurudi kwake, na ambaye ofisi yangu imemteua kuwa Mnufaika wa Mfano, yaani mtu wa kwanza kulala katika Kituo hiki cha Mazoezi na Mapumziko, kama mlivyosikia redioni.

(Santina: "Na mimi nasikia redio. Redio inasema kitanda iko. Kitanda iko wapi?")

Kitanda kipo, mama. Kiko hapo nyuma yangu, chini ya kile kitambaa chekundu, na itifaki hairuhusu kifunuliwe kabla ya hotuba kwisha. (Kicheko kidogo upande wa wanawake.)

Sasa, ndugu wananchi, mimi ni mtu wa kueleza jambo taratibu, hatua kwa hatua, mpaka hata aliyesinzia aamke akiwa ameelewa. Kwa miaka mingi jamii yetu imekuwa na mitazamo miwili kuhusu mgonjwa wa saratani. Mtazamo wa kwanza unasema alazwe ndani, mlango ufungwe, asishike hata kijiko, na ukoo mzima uje kumkalia kitandani ukimtazama kama maiti aliyechelewa. Mtazamo wa pili, ambao nimeuona hasa kwa mama wakwe, unasema huyu anajidekeza, apewe jembe. Ofisi yangu ilifanya utafiti wa kina, yaani tulimwuliza sista Sephora, muuguzi anayewahudumia wagonjwa hawa, naye akatuambia kwamba yote mawili ni makosa: mgonjwa atembee kidogo pale anapopata nguvu, hata kama ni kuzunguka nyumba tu, apumzike kabla hajachoka kabisa, maji na kuni wabebe wengine, na usingizi wa mchana uwe mfupi, ili usiku ubaki na usingizi wake. (Wanawake wanaitikia, "Ni kweli.") Maneno mazuri sana, lakini, kama mnavyojionea wenyewe, hayakuwa na stratejia.

Stratejia nimeileta mimi. Baba yangu, sajini meja, alitulea kule Koboko kwa nidhamu ya jeshi, na nyumbani kwetu hata mtoto mwenye malaria alisimama wima baba alipopita mlangoni. Hakuna aliyekufa. (Sauti kutoka nyuma: "Wawili walitoroka.") Waliotoroka walikuwa na afya nzuri, ndiyo maana waliweza kutoroka. Basi usiku mmoja nikiwa katika wokishopu nikapata ufunuo kwamba jeshi liligundua dawa hii zamani, kwa maneno manne tu: mguu sawa, mguu pande. Mguu sawa, mwili unakaza; hilo ni zoezi. Mguu pande, mwili unalegea. Hilo ni pumziko. Mgonjwa anafanya yote mawili bila kutoka mahali alipo, bila kuhitaji uwanja, bila kuhitaji kiti, na, kwa kweli, bila kuhitaji jengo lolote, jambo ambalo lilirahisisha sana upande wa ujenzi. Utafiti unaonyesha ufanisi wa asilimia tisini na nane nukta sita, na hiyo moja nukta nne iliyobaki tutaifanyia ufuatiliaji. (Makofi kutoka meza kuu, ambako amekaa mtu mmoja.)

Namwita sasa msaidizi wangu, sajini mstaafu Zubeiri, atuonyeshe.

(Zubeiri: "Kikosi cha dawa, mguu sawa." Wagonjwa wanatazamana. Mzee mmoja aliyewahi kuwa jeshini anakakamaa kwa mazoea, kisha anashika bega la mwenzake asianguke.)

(Sista Sephora: "Mheshimiwa, kusimama juani si kupumzika. Hawa wakae. Na huyu mama ana kizunguzungu. Hapo mazoezi yanaachwa. Nyumbani pia, mama Santina, ukiona mwili unachemka, usisubiri kesho, rudi hospitali.")

Namshukuru sista kwa kusema kwa ufupi kile ambacho ripoti yangu inakisema kwa urefu. Wagonjwa wakae. (Wanakaa chini, wengine juu ya viatu vyao.) Zubeiri, mguu pande, na wewe kaa.

(Santina hakai. Anasema bila kupandisha sauti: "Mheshimiwa, sikia mimi. Mwezi ile ilipita mimi nalala varanda ya hospitali. Watu wanaruka mimi kama jiwe ya njia, mpaka asubuhi. Sasa dawa inabaki mara mbili. Kama leo pia kitanda hakuna, mimi naenda Lurujo, na sirudi tena. Hiyo mbili, bwana, kunywa wewe.")

Mama Santina, kauli yako ni nzito, na napenda nikuhakikishie mbele ya hadhara hii kwamba suala la usingizi wako limeingizwa katika mpango wa muda mfupi, wa muda wa kati na wa muda mrefu, na kwamba katika awamu ya tatu kila mgonjwa atokaye mbali, Koboko, Adumi na kwingineko, atakuwa na godoro lake, chandarua chake, njia yake ya kutembelea yenye maua pande zote mbili, na redio ndogo ya kusikilizia hotuba kama hii akiwa amelala. (Mwanamke mmoja: "Hapo kweli atalala.") Kwa sasa ninaomba uvumilivu, kwa sababu nimebakiza kurasa chache tu, na ukurasa unaofuata unahusu maisha yangu.

(Santina anaanza kutembea polepole kuelekea meza kuu.)

Ndugu wananchi, tazameni. Mnufaika wetu anatembea. Bila amri, bila filimbi. Anakwenda kwa mwendo wake mwenyewe, kama alivyoelekeza sista, na kama nilivyoelekeza mimi. Anasimama kidogo, anapumua. Anaendelea. Sasa yuko nyuma yangu. Mama, hicho kitambaa kinafunuliwa na Mgeni Rasmi. Mama, Mgeni Rasmi ni mimi. (Kitambaa kinaanguka. Kinaonekana kitanda cha mbao, godoro, na shuka lenye maua.) Amefunua. Amevua viatu. Amelala. (Makofi makubwa kuliko yote ya leo.)

Hayo, mabibi na mabwana, ndiyo matokeo yanayoonekana kwa macho: zoezi na pumziko, kwa safari moja, kabla hata mradi haujaanza.

(Sista Sephora anaweka kidole mdomoni.)

Naam. Naambiwa anasinzia. Basi kaulimbiu zetu tutazitoa kwa kunong'ona. Nikisema mguu sawa, ninyi mseme mguu pande, polepole. Mguu sawa. (Kwa kunong'ona: "Mguu pande.") Tembea kidogo. ("Lala vizuri.") Yasiri. (Kimya.) Tuendelee na shukrani.

Kwa namna ya pekee namshukuru mama Odile, dada yetu wa Kongo mwenye nyumba ya wageni hapo jirani, ambaye ametuazima turubai hili, ambalo katika picha zitakazotumwa ngazi za juu linasomeka kama jengo. Ametuazima njia hii nyembamba, ambayo ndiyo njia yetu ya mazoezi na ambayo siku za kawaida inakwenda chooni kwake. Ametuazima jiwe la msingi, ambalo ni jiwe lake la kusagia na linatakiwa leo kwa kuwa ana simsim ya kusaga. Na ametuazima kitanda, kutoka chumba chake cha mwisho. Bila yeye, kituo hiki, ambacho hakijajengwa, hakijachorwa, wala hakijaombewa kibali, kisingefunguliwa kwa ufanisi mkubwa namna hii. Zubeiri, shika miguu ya kitanda upande ule, tukirudishe.

(Odile, akisimama katikati: "Hapana, papa. Jiwe, leta. Turubai, acha pale, inamupatia kivuli. Kitanda ni yangu, na mutu mwenye kulala juu yake hamumuamushe. Leo jioni namuingiza ndani na kitanda yake. Na mwezi yenye kuja, akuje tu kwangu, akule, alale, kesho yake aende hospitali na nguvu. Chumba ya mwisho iko.")

Mmesikia, wananchi, ushirikiano wa sekta binafsi. Ofisi yangu itauandika kama mafanikio.

(Santina, macho yamefumba: "Mama Odile, nakuja. Mara mbili yote nakuja. Lakini huyu mwenye kusema, yeye asikuje.")

Ombi hilo limepokelewa na kamati, na kamati, ambayo ni mimi, imeafiki. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, natangaza kwamba kituo ambacho hakipo kimefunguliwa rasmi, na kwa kuwa mteja wake wa kwanza amelala, hakitafungwa mpaka aamke. Ahsanteni kwa kunisikiliza. Msipige makofi. Bebeni viatu mkononi, na kila mtu arudishe kiti alikokitoa.