Bwana Sikio Aachwe na Ulimwengu Wake

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Filamu,

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na umekaa. Kama kiti unachokalia kinalia ukiegemea upande mmoja, hiyo ni springi imelegea, irekebishwe mapema. Mimi ni fundi makochi, mwaka wa kumi na tisa huu kazini, na ukurasa wako nausoma kila Jumamosi kabla ya kuutandika mezani nimwagie gundi. Nasema hivyo kwa heshima.

Wiki mbili zilizopita uliwauliza wasomaji: je, mashujaa wa vitabu vya katuni, wale wa kuruka na wale wa kurusha moto, waishi wote katika ulimwengu mmoja wa filamu, hadithi ya huyu iingie katika ya yule? Halafu kabla hatujajibu ukajijibu mwenyewe kwamba ndiyo, tena ukaongeza kwamba anayepinga hajui raha ya kuwaona pamoja. Ndugu Mhariri, mimi napinga, na raha hiyo naijua. Nimeiona kwa tiketi yangu mwenyewe, safu ya tatu. Naomba nitoe malalamiko yangu kwa namba, usije ukachapisha la pili ukaliacha la tano.

1. Siku hizi filamu moja haitazamiki. Ukitaka kujua kwa nini Malkia Umeme amemnunia Jitu la Shaba, unaambiwa sababu iko kwenye filamu ya Kimbunga, ile ya pili, na ile ya pili haieleweki bila ya kwanza. Nilihesabu kwa chaki juu ya kitambaa cha mteja: filamu kumi na nne ili kuelewa mnuno mmoja. Mimi nikimkabidhi mtu kochi, anakaa siku hiyo hiyo. Simwambii akakae kwanza kwenye makochi kumi na manne ya mafundi wengine ndipo aone utamu wa hili.

2. Vile vipande vya mwisho. Filamu imekwisha, adui amekufa, watu wanapapasa chini ya viti wakitafuta chupa zao za maji, lakini hakuna anayetoka. Tunasoma majina ya madereva na wapishi mpaka mwisho, kwa sababu baada yao atatokea mtu mwenye kofia, atasimama gizani, atasema jambo lisiloeleweka, na ukumbi mzima utapiga makofi. Mfagiaji amesimama mlangoni na ufagio wake anatutazama. Na viti vya pale vina sponji ya inchi moja. Nilivipima nikiwa nangoja.

3. Hapa nafika penyewe, nivumilie. Kati ya mashujaa wote mimi nina mmoja tu, Bwana Sikio. Huenda humkumbuki, maana picha yake hamjawahi kuichapa. Haruki, harushi moto, hana hata joho. Kipaji chake ni kusikia kitu kabla hakijavunjika: daraja, ngazi, mguu wa kiti. Anasikia, anakwenda, anashikilia, basi. Katika filamu yake ya kwanza anaishi chumba kimoja, anachemsha maji, anasikia kamba ya lifti ya jirani inaanza kukatika, na anazima jiko kwanza ndipo anatoka mbio. Nilipoona amezima jiko nilijua huyu ni mtu wangu.

Halafu wakamtia kwenye ile filamu ya wote pamoja. Walimpa dakika nne, nilikuwa na saa. Katika dakika hizo alisema neno moja, "Sogeeni," hakuna aliyesogea, kisha adui akamrusha akapasua ukuta. Mtu anayesikia mguu wa kiti ng'ambo ya mji, ukuta wa matofali hakuusikia? Kwake alikuwa steringi. Kwa wenzake amekuwa mtu wa kurushwa ili tujue adui ana nguvu.

4. (Hili nimelifuta. Mke wangu alipita na chai, akalisoma, akaniambia nina aibu.)

5. Sikukusudia kuleta mambo ya nyumbani gazetini, lakini filamu ndiyo iliyoyaleta. Mimi na kaka yangu tuliachiwa karakana moja na baba. Chumba kimoja, mlango mpana wa vipande viwili unaofungukia barabarani, meza ya kukatia, cherehani, na feni moja darini. Mimi naunda fremu na kukaza springi, kaka anashona. Sinema pia tulikuwa tunakwenda pamoja. Kaka ni mtu wa wote pamoja. Mashujaa tisa wakisimama mstari mmoja yeye anatokwa na machozi, na wala hajifichi.

Siku tulipotoka kwenye ile filamu sikuweza kunyamaza. Nilisema wamemdhalilisha Sikio. Kaka akacheka, akaniambia, "Wamemsaidia. Huyo wako peke yake hawezi kitu." Tulitembea kama nyumba tatu. Nikamwuliza, huyo wangu nani? Akasema, "Unajua mwenyewe." Pale nilijua hatuzungumzii filamu tena. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Jumatatu nilinunua plaiwudi. Tulipima chumba kwa futi kamba, kaka kashika mwisho mmoja mimi mwingine, tukagawana kwa haki mpaka nusu inchi. Ukuta wenyewe tuliusimamisha pamoja, maana plaiwudi ya ukubwa ule haishikwi na mtu mmoja. Ulipokwisha ndipo tukaona kwamba meza ya kukatia na fremu zote zimebaki kwangu, na cherehani imebaki kwake. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema. Basi mimi nikawa nashona kwa mkono, na yeye, kwa ninavyosikia kugonga kwake, anajifunza kupiga misumari. Kochi la watu watatu haligeuki ndani ya nusu chumba. Inabidi nilitoe barabarani, niligeuze mbele ya wapita njia, nilirudishe.

Feni iko katikati, kwa hiyo plaiwudi tuliikata chini yake, inapuliza pande zote mbili, ila swichi iko kwake. Kumwomba siwezi. Bahati nzuri nimegundua kwamba nikikohoa mara mbili inawaka yenyewe. Nyaya za zamani zina mambo yake. Hata skrubu nne za chini za plaiwudi zimeanza kulegea bila kuguswa na mtu, nadhani ni joto.

Mama yetu, ambaye huja kukaa nasi kila asubuhi, alikataa kuchagua. Kiti chake amekiweka nje, katikati ya vipande viwili vya mlango, pale ukuta unapoishia. Jua likimfikia usoni anajifunika kwa mkono. Nimemwambia aingie kwangu, nina dirisha zuri. Aliniuliza kama kupitia dirisha hilo ataona wanawe wote wawili. Unaona, Ndugu Mhariri, madhara ya hawa watu wa kuunganisha kila kitu.

6. Sasa nikupe hoja isiyo na jibu. Filamu ya pili ya Bwana Sikio ni ile ya daraja. Analishikilia dakika thelathini na nane, peke yake, maji yamemfika shingoni. Wakati ule nilimwonea fahari. Leo mnatuambia kwamba muda wote ule Kimbunga alikuwepo mji wa pili, Malkia Umeme alikuwepo, Jitu la Shaba lilikuwepo, wote ulimwengu mmoja. Basi walikuwa wapi? Kama Sikio hana mwenzake duniani, ile ni filamu ya ushujaa. Kama ana wenzake tisa na hakuna aliyefika, ile ni filamu ya mtu aliyeachwa, na mimi siwezi kuitazama tena. Afadhali wasiwepo kabisa kuliko wawepo wasije.

Ushahidi ninao. Mwezi uliopita homa ilinilaza siku tatu, na wakati huo nilikuwa na seti ya watu saba ya mwalimu mkuu wa shule, mama asiyependa kusikia neno kesho. Fremu zilikuwa tayari, vitambaa nilikuwa nimevikata, kushona bado kabisa. Kaka hakuja kunijulia hali hata mara moja. Siku ya nne nilijikokota mpaka karakana nikakuta seti haipo. Imeshonwa, imevalishwa, imechukuliwa na mwenyewe, na ameacha neno kwamba ameridhika. Ufunguo nilikuwa nimemwachia mke wangu. Nilipomwuliza alisema tu, "Kazi imekwisha, kunywa dawa." Sikujua kama anaweza kushona, lakini ndoa ina mengi. Hoja yangu ni hii: aliyeniokoa ni wa ulimwengu wangu. Yule wa ulimwengu wa pili alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, nyuma ya plaiwudi, na cherehani anayo, na alikaa kimya.

7. Kwa hiyo napendekeza, kwa unyenyekevu mkubwa, kila shujaa apewe dunia yake, na mwezi wake, na mvua yake. Wakikutana kwa bahati mbaya njiani, wasalimiane na kila mmoja ashike njia yake. Vitabu vyao vya katuni visipangwe rafu moja. Kwenye ukumbi wa sinema, wapenzi wa Kimbunga waingie mlango wao na sisi wa Sikio mlango wetu, na katikati ya viti uwekwe ukuta. Kazi hiyo niko tayari kuifanya mwenyewe, nina uzoefu. Baada ya hapo sheria iende mbele zaidi, ndugu wa tumbo moja wasiruhusiwe kurithi chumba kimoja, na hakuna feni itakayouzwa bila swichi mbili. Hapo ndipo watu watakaa kwa amani, kila mtu na springi zake, wala hakuna atakayeambiwa na mwenzake kwamba peke yake hawezi kitu.

Nakushukuru kwa kusoma mpaka hapa. Nisalimie mchapaji wako, nisalimie yule mchoraji wa picha za pembeni, na ukipita ukumbi wa sinema mpe pole mfagiaji, mwambie mimi nimemwona. Mwalimu mkuu nitamsalimia mwenyewe. Kwa kaka yangu sitaji salamu. Barua hii naiandika huku nikiisoma kwa sauti, na plaiwudi ni nyembamba.

Ni mimi, ninayetaka kila mtu abaki kwake,

Fundi Makochi,
mlango wa kushoto.

N.B. Mke wangu ameisoma barua yote kabla sijaitia kwenye bahasha. Alipofika namba sita aliniambia hajawahi kushona hata kifungo cha shati langu, vifungo vyote nashona mwenyewe, na anashangaa nimeishi naye miaka kumi na miwili bila kulijua hilo. Kuhusu aliyeshona ile seti, alisema aliapishwa asiseme.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu nikamwomba niligeuze kochi lake. Alikuwa amelikalia. Akasimama, nikaligeuza hapo hapo sebuleni. Chini ya egemeo la mkono mshono unarudi mara tatu, na mkia wa uzi umeachwa urefu wa kidole. Mkia huo nimemgombeza kaka kwa miaka kumi na tisa aukate, na hajawahi kuukata. Nilizunguka seti nzima, na kila kiti kina mkia wake. Mwalimu mkuu aliniuliza kama kuna kasoro. Nilimwambia hapana, nikamrudishia kochi lake akae.

Nimerudi karakana nikapiga magoti kuziangalia zile skrubu nne za chini. Zina alama za bisibisi. Siku zile za homa amekuwa akizifungua, anavuta vitambaa kwake, anashona, anarudisha, anazifunga, na siku ya kuvalisha mke wangu alimfungulia mlango. Nilikaa pale chini nikakohoa mara mbili, na mara hii nilikuwa sisikii joto. Feni ikawaka.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kama nafasi ni ndogo, chapisha hapa tu na yote ya juu uyaache. Waambie wenye filamu Bwana Sikio arudi kwa wenzake. Si lazima apewe neno la kusema. Hata wakimrusha ukutani tena, sitalalamika, mradi safari hii tuonyeshwe na yule anayekwenda kumwokota. Sisi tutakuwa safu ya tatu, viti vitatu, mimi, kaka na mama.

Plaiwudi mimi na kaka tunaitoa leo, maana hata wakati wa kuitoa haishikwi na mtu mmoja. Mama ameshakiinua kiti chake, amesimama nacho mlangoni, anatuuliza tunangoja nini.